Kupimiwa bruchi za fedha za wachumba wa wanajeshi: picha ya mtandaoni na sonara wa ana kwa ana

Mwenzenu naishi Birmingham na ugonjwa wangu ni bruchi za zamani, yaani mapambo ya kubandika kifuani kwa pini, zile ndogo ambazo askari wa Uingereza walikuwa wananunulia mama zao na wachumba wao kabla hawajaenda vitani, zina beji ya kikosi cha askari mwenyewe. Mwaka jana nikaokota mbili kwenye soko la mitumba la Jumapili kwa pauni 30. Moja ina mabawa na herufi RFC (Royal Flying Corps, kikosi cha ndege za kivita cha Uingereza) chini ya taji, nyingine ni duara la ganda la chaza lenye mzinga wa Royal Artillery, kikosi cha mizinga ya kivita.

Nikaanza na huduma ya mtandaoni, unatuma picha unalipa pauni 12. Jibu likaja kesho yake, sentensi tatu tu, eti zote ni madini ya fedha tupu, za Vita ya Pili ya Dunia, pauni 40 kila moja. Hata picha ya mgongoni hawakuomba! Hapo ndo iliniuma, maana mambo yote yako mgongoni.

Nikazipeleka Jewellery Quarter, mtaa wa masonara hapa Birmingham, kwa mzee mmoja sonara, shikamoo ya kwao ni kikombe cha chai kabla ya kazi, akazigeuza zote mbili akaweka lenzi jichoni akanyamaza muda mrefu. Kisha akanipa lenzi niangalie mwenyewe. Nyuma ya bawa la kushoto kuna nanga, maana yake ilipimwa Birmingham, kuna simba anatembea, maana yake fedha ya 925, yaani sehemu 925 kati ya 1000 ni fedha safi, halafu herufi ndogo s, alama ya mwaka, ambayo kwa Birmingham ni 1917. Na RFC yenyewe ilikwisha Aprili 1918 ikawa RAF, jeshi la anga la Uingereza, sasa hiyo Vita ya Pili imetokea wapi jamani? Akaniambia pia nyingi za wakati ule zimeandikwa SILVER tu bila mihuri, usizitupe kwa sababu hiyo.

Ile ya chaza imeandikwa STERLING SILVER RIM. Yaani fedha ni ule ukingo peke yake, mwembamba kama uzi, na Royal Artillery kilikuwa kikosi kikubwa mno kwa hiyo bruchi zake zimejaa kila mahali, akaipa pauni 15. Ya RFC akaipa 90, ingekuwa zaidi ila enameli nyekundu, ile rangi ngumu inayong'aa kama kioo, ya kwenye taji imebanduka kidogo, pana kidoa kama kichwa cha pini. Uzito wa fedha hakuugusa kabisa, ni gramu chache tu, kinacholipwa ni kikosi na hali yake.

Akanikataza kuisugua na dawa ya kung'arishia, ule weusi kwenye mikunjo ya manyoya uachwe.

Alinichaji pauni 20 kwa zote mbili na karatasi ya maelezo kaandika kwa mkono. Nyota tano, ila nenda asubuhi, mchana foleni inatoka nje.

Ya RFC siuzi. Nyuma kuna herufi E imechorwa kwa kitu chenye ncha, si kazi ya fundi ile, aliichora mtu mwenyewe.