Uzoefu wangu: mafunzo ya sayansi ya mazingira kwa walimu wa msingi, Karura

Semina nyingi za CBC (mtaala wa umilisi wa Kenya) nilizohudhuria huisha kwa kalamu, daftari na picha ya pamoja. Mafunzo haya ya likizo ya Agosti, katika Msitu wa Karura jijini Nairobi, nilijilipia kwa M-Pesa, na sijutii.

Kila mwalimu aliambiwa aje na udongo wa shuleni kwake. Unautia kwenye chupa hadi theluthi, unaongeza maji na sabuni ya unga kidogo, unatikisa, unaiweka chini. Mchanga ulitua hatujamaliza hata kubishana. Wenzetu wa Kangemi walikuja na udongo mwekundu. Sisi wa Embakasi ule mweusi unaoganda kwenye viatu mvua ikinyesha. Chupa yetu ilibaki na tope mpaka jioni, maana chembe za mfinyanzi ni ndogo mno kushuka upesi. Mwalimu mmoja akauliza mbona kuta za darasa lake zina nyufa. Mkufunzi akamwonyesha chupa ileile: udongo huo hufura ukinywa maji, husinyaa ukikauka, na jengo huyumba nao.

Mtoni tulisugua mawe juu ya beseni jeupe ili vidudu vyake vidondokee humo. Vidudu vyenye mikia mitatu vikiwa vingi, maji yana hewa ya kutosha. Mabuu membamba mekundu yakitawala, hewa ni haba. Wekundu wao ni himoglobini inayowasaidia kunasa oksijeni kidogo iliyopo. Watoto wa Gredi ya 5 watalipenda somo hili kuliko mchoro wowote wa ubaoni.

Kipimo cha mvua kilikuwa rahisi: chupa ya plastiki iliyokatwa shingo, shingo ikageuzwa kuwa faneli, kokoto chini, kisha maji hadi alama ya sifuri. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita mraba. Paa la mita mraba 60 likipata milimita 10, hizo ni lita 600. Nimeshampelekea mwalimu mkuu hesabu hiyo pamoja na ombi la tangi.

Sasa malalamiko. Karibu saa nzima ya asubuhi ilikwenda kwa historia ya Wangari Maathai kuupigania msitu huu mwaka 1999. Tamu, lakini muda huo ungefaa mtoni. Lenzi zilikuwa chache, tukawa tunapokezana. Kubwa zaidi, hakuna aliyetuambia utafanyaje na darasa la watoto 70, wala pale ambapo mto wa jirani umejaa maji taka na mtoto hathubutu kutia mkono. Nilipouliza, nikajibiwa tutumie madimbwi, basi. Cheti nacho kilikawia hadi nikachoka kupiga simu. (Pilau, hata hivyo, ilikuwa ya kweli.)

Mwalimu wa Gredi ya 4 hadi 6, lipa uende. Beba gambuti, na udongo uchimbe chini ya nyasi. Mwenzetu mmoja alizoa wa pale lori la ujenzi linapopitia, chupa yake ikawa kokoto tupu.