Wota pampu ya inchi mbili: uzoefu wangu wa masika moja Kigogo

Nyumba yetu iko Kigogo, Dar es Salaam, bonde la Mto Msimbazi. Januari 2024 maji yalipoingia tuliyatoa kwa ndoo na madumu yaliyokatwa, watu wanne, kuanzia asubuhi mpaka Isha. Mgongo wangu bado unakumbuka. Februari nikaenda Kariakoo nikanunua wota pampu ya petroli, inchi mbili, sh 330,000 pamoja na mipira yake.

Muuzaji aliniambia, "Vuta kamba tu, mama, maji yanakuja." Uongo mtupu. Kabla ya kuwasha lazima uijaze maji kwenye tumbo lake, la sivyo inanyonya hewa na sili yake, ile inayozuia maji kuvuja ndani, inaungua. Siku ya kwanza nilivuta kamba mpaka bega likaniuma, ikawaka, ikanguruma, tone halikutoka. Nilipoijaza maji bado ikasumbua, kumbe klipu za mpira wa kunyonyea zinapitisha hewa. Nilinunua klipu nyingine kwa fundi wa mtaani, tatizo likaisha. Dukani walikataa hata kunisikiliza.

Boksi limeandikwa lita 500 kwa dakika. Ua wetu ni mita 10 kwa 12. Maji yakiwa sentimita 40, hizo ni lita 48,000, yaani saa moja na nusu na ushee. Mimi ilinichukua karibu saa nne, maana chujio la mwisho wa mpira wa kunyonyea lilikuwa linaziba kila baada ya muda mfupi. Mifuko, majani, nepi, na safari moja kandambili ya mtoto ilikaa mdomoni pa chujio kama kifuniko kilichopimwa. Jirani ndiye aliyeniokoa: akaleta tenga la plastiki la nyanya, tukalikalisha juu ya matofali mawili, chujio likawekwa ndani yake. Kuanzia hapo mashine ilinguruma sauti moja tu, nami nikapata nafasi ya kunywa chai.

Lakini usitegemee ishindane na mto. Aprili, usiku, maji bado yanapanda, mimi nikawasha kwa kiherehere. Nayamwaga nje ya ukuta, yanarudi chini ya geti. Lita tatu za petroli zimekwenda bure! Siku hizi napanga viroba vya mchanga getini kwanza, nangoja mto uanze kushuka, ndipo nawasha. Na mpira wa kutolea uwe mrefu. Wangu wa mwanzo uliishia ukutani kwa jirani wa nyuma, na maneno aliyonitolea siyaandiki hapa.

Kuna wanaoniuliza kwa nini sikuchukua ya umeme. Soketi zangu ziko chini, maji yakija cha kwanza nazima swichi kuu; hiyo ya umeme ningeiwasha na nini? Ya petroli nayo ikae nje kabisa, hata barazani usiiweke, moshi wake unaua watu waliolala.

TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa, walipotangaza Kimbunga Hidaya niliiandaa, oili mpya, petroli dumu la lita tano. Kikatua Mafia tarehe 4 Mei, Kilwa na Lindi wakapata tabu kubwa; kwangu mashine haikuhitajika, ikabaki juu ya meza. Asubuhi yake yule jirani wa nyuma akabisha hodi kuiazima. Nikampa, ila petroli aje nayo mwenyewe.