Gari la kukodi Dar hadi Dodoma: mama mkwe alikatiwa simu pale Gairo

Nilijizuia kuandika nikiwa na hasira. Hasira haijaisha, basi wacha niandike hivyo hivyo.

Tulikodi Noah na dereva kwenye kampuni moja hapa Dar, kiangazi hiki, twende Dodoma kuona mashamba ya zabibu. Najua wengi mtasema si mngepanda SGR. Sisi tulitaka kusimama tunapotaka. Mama mkwe alitamani kuitazama Uluguru vizuri, na dereva alitusimamishia nje kidogo ya Morogoro bila kununa, mawingu bado yamekaa kileleni. Dereva sina neno naye, kijana ana adabu.

Shida ni ofisi. Kiyoyozi kilikufa kabla hata ya Chalinze. Tukavumilia. Tulipomaliza Dumila na kuanza kupanda kuelekea Gairo, mshale wa joto ukapanda nao, harufu tamu ya kulanti ikajaa ndani, gari likachemsha. Rejeta imetoboka, na kwa kutu ile haikutoboka siku hiyo. Dereva akatuambia waziwazi kwamba alishaisema hiyo rejeta ofisini.

Nikapiga simu. Msimamizi: "Dada, gari ni chuma, linaharibika. Subirini." Tusubiri nini, hasemi. Jua linazama, upepo wa Gairo baridi kweli, mama amejifunika vitenge viwili. Akaniomba simu aongee naye mwenyewe, akaanza kwa upole, "Hujambo baba, mimi ni mama yao..." Yule bwana akakata. Hakumpa shikamoo, hakumwambia subiri kidogo. Akakata! Tukapiga tena, haipatikani. Mama alinirudishia simu, hakusema kitu hadi fundi wa pale Gairo alipokuja. Fundi tulimlipa sisi.

Tulifika Dodoma usiku. Kesho yake Hombolo, na hapo nakiri palitupoza. Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, nasi tuliwakuta wakikata vichala kwa mikasi na kupanga kwenye kreti. Mkulima alinipa kichala, nikafuta punje kwa ncha ya kanga, ule weupe mwembamba ukatoka, zikabaki nyeusi zinang'aa. Tamu mpaka koo linawasha. Alituonyesha matangi ya mchuzi wa zabibu, ile juisi ya kutengenezea mvinyo, akalalamika kwamba kulima zabibu siyo kazi, kazi ni kuuza: mnunuzi akichelewa, zabibu haimsubiri mtu. Mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu Gairo. Jamani, nendeni Hombolo.

Kwa hiyo nilipanga kuwapa nyota tatu. Safari yenyewe ilikuwa nzuri, dereva mzuri, na rejeta hata gari la maana hutoboka. Halafu juzi nikafuata hela ya kiyoyozi tuliyotozwa juu ya bei ya gari, pamoja na ya fundi. Nikamkuta yule yule, hakuinua macho: "Si mlifika?"

Nyota moja. Na kama mfumo ungeruhusu kumpa dereva zake tano peke yake, ofisi ingebaki bila hata hiyo.

Hela nazidai bado, risiti ya fundi ninayo. Ila kabla ya hela, ampigie mama. Aanze na shikamoo, na safari hii asubiri mama ndiye akate.