Moodle, Zoom na WhatsApp: kipi kibebe masomo ugonjwa ukifunga chuo?

Mgonjwa wa kwanza wa Uviko-19 nchini Tanzania alitangazwa akiwa Arusha, Machi 16, 2020. Siku mbili baadaye ikatangazwa kuwa vyuo vikuu vinafungwa, na havikufunguliwa hadi Juni 1. Homa ya virusi vya Marburg nayo imeingia Kagera mara mbili tangu hapo, 2023 na 2025. Kwa hiyo suala la chombo gani kibebe masomo si la kusubiri tangazo lingine.

Tathmini hii inalenga vyuo vya Arusha na Moshi kama vilivyo: wanafunzi wengi wanasomea kwenye simu, bando wananunua kwa hela yao, na chuo kikifungwa wanatawanyika Rombo, Same, Karatu, hadi Loliondo. Kwa hali hiyo, nguzo iwe Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni. Vingine vyote viwe wasaidizi.

Moodle ni ya bure tangu ilipotoka 2002, na chuo huiweka kwenye seva yake chenyewe. Ubora wake mkubwa ni kwamba haimlazimishi mwanafunzi awe hewani saa ileile na mhadhiri. Akipata mtandao mzuri mara moja, hata akiwa stendi, anafungua programu ya Moodle ya simu, anabonyeza alama ya wingu lenye mshale kwenye kozi, mafaili yanashuka, na nyumbani anasoma bila bando. Hata jaribio linaweza kufanyika nje ya mtandao, majibu yakapanda baadaye, ila kwa masharti: mhadhiri aruhusu kwenye mipangilio, jaribio lisiwe na kikomo cha dakika, na masahihisho yaonekane baada ya kukusanya tu. Ukiweka kikomo cha dakika 30, ruhusa hiyo haifanyi kazi tena. Majaribio madogo ya kila wiki yapangwe hivyo, bila kikomo. Yenye alama nyingi yafanyike mtandaoni, maswali yakichotwa kwa bahati nasibu kutoka benki ya maswali. Kwa kawaida Moodle huhifadhi majibu kila dakika moja, hivyo umeme ukikatika kinachopotea ni kidogo. Saa ya jaribio lakini haisimami, na mhadhiri lazima amwongezee muda mwanafunzi husika kwenye mipangilio ya jaribio hilo.

Panapokwama ni kwenye maandalizi. La kwanza ni namba za usajili. Vyuo vyetu vinapenda mkwaju (/) na herufi kubwa, lakini jina la kuingilia la Moodle linakubali herufi ndogo, namba, nukta, kistari (-) na alama chache tu. Ukipakia orodha ya mwaka wa kwanza na mikwaju yake, majina yanakataliwa au mikwaju inafutwa kimyakimya, kisha mamia ya wanafunzi wanaandika namba iliyo kwenye kitambulisho na kugonga ukuta. Badilisha kila mkwaju uwe kistari kabla ya kupakia, na uwatangazie wanafunzi hivyo.

La pili ni ukubwa wa mafaili. PHP, lugha ya programu ambayo Moodle inaendeshwa juu yake, huja na kikomo cha MB 2 kwa faili. Kitengo cha TEHAMA kikipandisha kikomo ndani ya Moodle peke yake, hakuna kinachobadilika. Mipangilio ya PHP iitwayo upload_max_filesize na post_max_size ibadilishwe kwenye seva yenyewe. Tatu, cron, yaani kazi ya seva inayojiendesha yenyewe kwa ratiba, ipangwe kila dakika. Ikisimama, taarifa kwa wanafunzi haziendi na majaribio yaliyoisha muda yanabaki yananing'inia bila kukusanywa.

Mhadhiri naye apunguze uzito. Slaidi ziwe PDF zenye picha zilizobanwa. Maelezo ya mdomo yarekodiwe kwa kilobiti 32 kwa sekunde, chaneli moja: dakika 20 hazifiki MB 5. Linganisha na mkutano wa kundi wa Zoom wenye video, unaoweza kula kuanzia karibu MB 800 hadi zaidi ya GB 2 kwa saa. Kumtaka kijana wa Longido alipie hiyo kila siku ni kumwonea.

Zoom inafaa kwa maswali na majibu, mara moja kwa wiki, kamera zikiwa zimezimwa. Akaunti ya bure inakata mkutano kwenye dakika 40 na inapokea watu 100. Google Meet ya bure inatoa dakika 60 kwa idadi hiyohiyo. Darasa la mwaka wa kwanza lenye watu 400 haliingii kwenye yoyote kati ya hizo. Ligawe kwa makundi ya semina.

BigBlueButton, programu ya mikutano ya video inayowekwa kwenye seva ya chuo, haina kikomo cha dakika na Moodle imeibeba ndani tangu toleo la 4.0, ila inadai seva ya maana: kwa uchache prosesa yenye kori 8 na kumbukumbu (RAM) ya GB 16. Sauti ikigoma na kutoa kosa 1007, mara nyingi ukuta wa moto (firewall) wa mtandao wa chuo umefunga milango ya UDP, inayopitisha sauti na video, namba 16384 hadi 32768.

WhatsApp itumike kwa matangazo tu. Kundi linabeba watu 1,024, lakini kazi iliyotumwa asubuhi inazikwa na salamu hadi jioni. Picha ya ubao nayo hufifia; itume kama dokumenti.

Kwa wanafunzi wa udaktari na uuguzi, kama wale wa hospitali ya KCMC ya Moshi, hakuna kati ya hivi kinachochukua nafasi ya wodi. Nadharia isogezwe mbele wakati wa kufungwa, na wiki za vitendo zihifadhiwe kwa ajili ya kurudi. Na kila kozi, ya fani yoyote, iwe na wahadhiri wawili wenye haki ya kuihariri kwenye Moodle tangu wiki ya kwanza ya muhula, kwa sababu mlipuko hauchagui: anayeugua anaweza kuwa mhadhiri, na kozi yake isifungwe pamoja naye.