Jicho linalowaka: leya ya mwanga au rangi kwa mkono?

Ukitaka jicho la mhusika liwake kama kaa la moto kwenye programu za kuchora Krita au ibisPaint, njia ni mbili: leya (tabaka la picha) ya Color Dodge juu ya jicho, yaani leya ya mwanga inayong'arisha rangi zilizo chini yake, au kupaka kila rangi kwa mkono kwenye leya ya kawaida.

Kwa kasi, Color Dodge haishikiki. Paka duara la jicho kahawia iliyokolea, ongeza leya ya Color Dodge juu yake, chukua brashi laini ya rangi ya chungwa yenye nguvu 30%, gusa nusu ya chini ya duara mara mbili tatu. Wengi hukwama hapa: leya hii hukuza mwanga uliopo tayari, kwa hiyo juu ya nyeusi tititi haionyeshi kitu. Anza na kahawia. Ifungie leya hiyo pia ndani ya duara, la sivyo ngozi iliyo karibu itaungua hadi nyeupe.

Kwa mkono unapanda ngazi: kahawia, nyekundu, chungwa, njano iliyopauka, kisha nukta moja nyeupe karibu na mboni. Ni polepole, lakini rangi hazibadiliki ukihamishia faili kwenye programu nyingine, na kingo hubaki kali, jambo zuri sana kwa katuni.

Marekebisho? Leya ya mwanga unaigeuza rangi kwa kitelezi kimoja. Ya mkono unapaka upya.

Mwenye kurasa nyingi za kumaliza atumie leya ya mwanga. Anayechora picha moja kubwa, jicho likiwa ndilo kiini, apake kwa mkono.