OpenMediaVault kwenye kompyuta chakavu: seva nzuri, diski na pawa saplai zikiwa nzima

Kompyuta ya mezani iliyowekwa kando haihitaji kichakataji kipya ili iwe seva ya kuhifadhi picha, video na hati za nyumba nzima. Inahitaji diski zisizoficha ugonjwa, pawa saplai yenye nguvu ya kweli, na programu isiyodai makuu. Kwa hilo la mwisho tunapendekeza OpenMediaVault. Ni ya bure, imejengwa juu ya Debian, aina ya Linux (toleo la 7, la mwaka 2024, limesimama juu ya Debian 12), na ukishaisakinisha unaiendesha kwa kivinjari kutoka kompyuta yoyote iliyo kwenye mtandao huohuo. TrueNAS, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, ni imara pia, lakini huanzia RAM ya GB 8, na mashine nyingi za zamani hazina. OpenMediaVault hutembea hata kwa GB 1. Ukiwa na GB 4 hutaona tabu yoyote.

Kichakataji cha biti 64 chenye kore mbili kinatosha, maana kikwazo kiko kwenye kebo ya mtandao: gigabiti moja hupitisha takriban MB 110 kwa sekunde, na diski ya kawaida ya kuzunguka huifikia kasi hiyo bila jasho. Hesabu hubadilika ukitaka diski zisimbwe, yaani zifungwe kwa siri zisisomeke bila ufunguo. Hapo tafuta kichakataji chenye AES-NI (amri za ndani za kuharakisha usimbaji), la sivyo kasi itaporomoka. Kadi ya picha ichomoe kama ubao mama una picha zake wenyewe, kwa kuwa inakula umeme bure. Na umeme si jambo dogo kwa mashine isiyolala: kila wati 10 zinazoliwa mchana na usiku ni uniti 88 hivi kwa mwaka. Mashine inayokula wati 60 ikiwa imekaa tu itamaliza zaidi ya uniti 520. Pima kwa kipimo cha wati cha kuchomeka ukutani kabla ya kufurahia kwamba seva imepatikana bure.

Pawa saplai ndipo wengi wanapoteleza. Diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka huvuta karibu ampea 2 kwenye laini ya volti 12, yaani wati 24 hivi kwa sekunde chache. Diski nne zikiamka pamoja zinadai karibu wati 100 papo hapo, mbali na mahitaji ya ubao mama. Ndiyo maana mashine huwaka vizuri ikiwa na diski mbili, kisha ukiongeza ya nne inajizima na kujiwasha. Ukiona kapasita zimevimba, au pawa saplai ina harufu ya kuungua, usiitumie. Epuka pia adapta za Molex (plagi ya zamani ya umeme ya pini nne) kwenda SATA (plagi ya diski za sasa) ambazo plastiki yake imemiminwa juu ya waya: nyaya zikigusana humo ndani huwaka moto. Chukua zile ambazo waya umebanwa kwenye kichwa na unaonekana.

Diski zilizotumika zikaguliwe moja moja kwa smartctl -a, amri ya Linux inayosoma ripoti ya afya ya diski, kabla hazijapewa hata faili moja. Tazama namba 5 (sekta mbovu zilizohamishwa), 197 (zinazoshukiwa) na 198 (zisizosomeka). Namba 197 au 198 ikiwa juu ya sifuri, diski hiyo isibebe kitu unachokipenda. Namba 5 ikiwa ndogo na haisogei inavumilika. Ikipanda wiki hadi wiki, diski inakufa. Namba 199, makosa ya kusafirisha data, ni kesi nyingine: mara nyingi inalalamikia kebo ya SATA, kwa hiyo badilisha kebo kwanza kabla ya kuitupa diski. Kisha endesha badblocks -b 4096 -wsv ikifuatiwa na jina la diski, ili iandike na kusoma kila sehemu yake. Amri hii inafuta kila kitu, na kwa diski ya TB 4 huchukua siku mbili hadi tatu. Iache imalize. Ni heri diski ianguke kwenye jaribio kuliko ianguke ikiwa na picha zenu.

Namna ya kuzipanga ndiyo sehemu inayofanya mfumo huu uwafae sana wenye vipuri, kwa sababu diski za kuokoteza hazilingani ukubwa. Tuseme zipo nne: TB 4, 3, 2 na 1. RAID 5, mpango wa kuunganisha diski ili moja ikifa data isipotee, itazihesabu zote kama TB 1, ubaki na TB 3 za kutumia. Ukitumia mergerfs (inayounganisha diski) na SnapRAID (inayozilinda), diski kubwa kuliko zote inabeba pariti, yaani data ya ziada ya kurejesha diski iliyokufa, na zilizobaki zinaonekana kama ghala moja la TB 6. Nyongeza hizo mbili hupatikana kupitia omv-extras, kifurushi cha nyongeza za OpenMediaVault ambacho husakinishwa kando. Faida nyingine ni kwamba kila diski inabaki na ext4, mpangilio wa kawaida wa faili wa Linux: hata diski mbili zikifa kwa mpigo, zile nyingine zinasomeka kwenye Linux yoyote.

Lakini SnapRAID hulinda hali ya faili ilivyokuwa mara ya mwisho ulipofanya sync, yaani ulipoisasisha pariti. Kilichoandikwa baada ya hapo hakina ulinzi, na faili zilizofutwa au kubadilishwa baadaye zinaweza kukwamisha urejeshaji wa nyingine. Kwa picha na video, ambazo huwekwa na kuachwa, ni sawa kabisa. Kwa hifadhidata inayoandikwa kila dakika, hapana. Diski za SMR (zinazoandika data kwa mistari inayopandana), ambazo husuasua vibaya RAID inapojengwa upya, hapa zinavumilika.

Usakinishaji ni mwepesi, ila kisakinishi kinameza diski nzima ya mfumo. Chomoa diski zote za data kwanza, ubakize SSD ndogo tu. GB 16 zinatosha. Kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine, weka SATA iwe AHCI (namna ya kawaida ya kuwasiliana na diski), na uamuru mashine ijiwashe umeme ukirudi. Badilisha na betri ya CR2032, kwani ikiwa imekufa, mipangilio hiyo yote hupotea umeme ukikatika. Kwenye kivinjari, ingia kwa jina admin na nenosiri openmediavault, kisha libadilishe papo hapo.

Malalamiko yetu kuhusu programu yenyewe ni mawili. Mabadiliko hayafanyi kazi mpaka uyathibitishe kwenye utepe wa njano unaojitokeza juu, na mgeni akiupuuza atadhani folda yake imegoma. Pili, ruhusa za folda zimegawanywa sehemu mbili, na kitufe cha ACL (orodha ya ruhusa za kina) kinakaribisha fujo. Kiache. Ruhusa za kawaida za kila mtumiaji zinatosha kwa SMB, njia ya kushirikisha folda mtandaoni, ya nyumbani.

Faili zikisafiri kwa MB 11 kwa sekunde, usiilaumu seva. Hiyo ndiyo kasi ya megabiti 100. Gigabiti huhitaji nyaya zote nane ndani ya kebo, na mmoja ukikatika, kadi ya mtandao hushuka kimyakimya. Ethtool, amri ya Linux inayoonyesha kasi ya kadi hiyo, itakuonyesha 100 badala ya 1000; badilisha kebo au ukague swichi. Kwenye ruta, ifungie seva anwani moja ili isihamehame.

Pariti haikuokoi na faili uliyoifuta mwenyewe, wala na radi iliyopiga mashine nzima. Weka diski moja ya USB, panga rsync, programu ya kunakili faili, iende kila wiki, kisha ichomoe na uihifadhi chumba kingine.