Ekstensheni ya gurudumu ya mita 25 baada ya misimu miwili ya masika

Ekstensheni hii niliinunua Ngamiani, hapa Tanga, kwa shilingi 80,000. Ni ile ya gurudumu la plastiki lililokaa juu ya stendi ya chuma, yenye waya wa mita 25, soketi nne za pini tatu, mkono wa kuzungushia na kitufe chekundu katikati ya soketi, kinachoruka nje na kukata umeme joto likizidi. Imefanya kazi nyumbani kwangu Chumbageni kwa misimu miwili ya masika: kuendesha pampu ya maji uani, kuwasha taa tunapokuwa na shughuli, na kupeleka umeme kwenye banda la nyuma ambalo halina soketi hata moja. Kama chombo cha kuhifadhia waya mrefu nimeridhika nacho kabisa, na ningekinunua tena. Kama chombo cha kupitishia umeme mwingi kina sharti moja ambalo muuzaji hakunieleza, na kwa kuwa sharti hilo linahusu moto ndani ya nyumba, ndilo nitakalolieleza kwa urefu.

Ubavuni mwa gurudumu kuna kibandiko kidogo chenye namba mbili. Namba ya kwanza ni wati 1000, nayo ni kiwango cha juu waya ukiwa umezungushwa ndani ya gurudumu. Ya pili ni wati 3000, waya ukiwa umevutwa wote nje. Watu wengi, nikiwemo mimi mwezi wa kwanza wa kuitumia, huisoma ile kubwa na kuishia hapo. Siku moja gesi iliniishia maharage yakiwa hayajaiva, nikachukua jiko la umeme la sahani moja, la wati 2000, nikaliweka kwenye ukumbi wa nyuma, nikavuta waya mita sita tu kwa sababu soketi ya ukutani ilikuwa karibu. Baada ya kama dakika arobaini jiko lilizimika ghafla. Nilidhani umeme wa LUKU umeisha, lakini taa zilikuwa zinawaka. Nilipoligusa gurudumu, lilikuwa la moto kama ubavu wa sufuria iliyotoka jikoni, na kitufe chekundu kilikuwa kimeruka nje. Nilichomoa plagi, nikauvuta waya taratibu, na nilipofika mizunguko ya katikati nikasikia sauti ya kubanduka: maganda ya waya yalikuwa yameanza kugandamana.

Fundi umeme aliyekuja kuukagua alinieleza jambo hili kwa maneno machache. "Dada, ukitumia jiko au pasi, vuta waya wote nje, usibakize hata mzunguko mmoja." Nikamuuliza, "Fundi, hata kama ninahitaji mita sita tu?" Akajibu, "Hata kama ni mita mbili. Umeme unapita kwenye mita zote 25, uzione usizione."

Hesabu yake si ngumu. Jiko la wati 2000 kwenye umeme wetu wa volti 230 huvuta karibu ampea 9. Waya huu una unene wa milimita za mraba 1.5, na umeme huenda kwa uzi mmoja na kurudi kwa mwingine, kwa hiyo njia nzima ni mita 50 za shaba, zenye ukinzani wa takribani omu 0.6. Joto linalozalishwa ndani ya waya wenyewe hufika kati ya wati 45 na 50. Waya ukiwa umetandazwa sakafuni, joto hilo ni chini ya wati 2 kwa kila mita, nalo huchukuliwa na hewa bila mtu kulihisi. Ukiwa umebanwa ndani ya gurudumu, ni sawa na kuchukua balbu ya zamani ya wati 40 na ushee, ukaifunika kwa matabaka ya plastiki, ukaiacha ikiwaka. Ganda la kawaida la nyaya hizi limetengenezwa kustahimili nyuzi joto 70 za Selsiasi. Likizidishiwa hulainika, na nyuzi za ndani zikigusana ndipo moto unapozuka. Kitufe chekundu ndicho kilichoniokoa siku ile, na ndiyo sababu ya kwanza inayonifanya niisifu bidhaa hii, maana yapo magurudumu ya bei nafuu yasiyokuwa nacho. Ukiikuta ya namna hiyo dukani, iache.

Kwa upande wa kuhifadhi waya, hapa gurudumu linastahili bei yake. Ekstensheni yangu ya awali, ya mita 10, nilikuwa naikunja kama wengi tunavyokunja kamba ya kuanikia nguo: naishika kiganjani, naipitisha chini ya kiwiko, narudi kiganjani. Kila mzunguko wa namna hiyo huutia waya msokoto mmoja mzima, na mizunguko kumi na tano ni misokoto kumi na tano ambayo haina pa kwenda isipokuwa kwenye nyuzi za shaba. Mwaka wa pili taa zilianza kucheza kila plagi ilipotikiswa. Ilipopasuliwa shingoni, pale waya unapoingia kwenye plagi, nyuzi nyingi zilikuwa zimekatika, na chache zilizobaki zilikuwa zimebadilika rangi kwa joto. Gurudumu halina tatizo hilo, kwa kuwa waya unaingia ukiwa umenyooka na kulala ubavu kwa ubavu.

Hata hivyo, namna ya kuuzungusha ina maana. Mimi huchomoa kwanza plagi ya ukutani, kisha huchomoa kila kifaa kwenye soketi, kwa sababu soketi zimo ndani ya gurudumu na huzunguka nalo. Halafu hushika waya kwa mkono wa kushoto nikiwa na kitambaa kikavu, na kuuacha upite ndani ya kitambaa huku mkono wa kulia ukizungusha. Kitambaa hufuta mchanga na unyevu, na vidole husikia mapema palipochubuka au kuvimba. Mita ya mwisho naizungusha polepole, maana plagi ikiachiwa hurushwa na kugonga sakafu, na pini ya plagi iliyopinda huharibu soketi ya ukutani. Kuna kishikizo cha kuibania plagi ubavuni. Cha kwangu kimekatika mwezi wa tisa tangu ninunue, na hiyo ni kasoro ambayo mtengenezaji angeweza kuizuia kwa plastiki nene kidogo.

Kwa nyaya fupi, za mita tatu hadi kumi, gurudumu si la lazima. Nimejifunza kukunja kwa mkono, mzunguko mmoja juu na mmoja chini, kama wanavyofanya mafundi wa vyombo vya muziki. Mzunguko wa kwanza unaletwa kwenye mkono wa kushoto kama kawaida. Wa pili unageuza kiganja cha kulia kielekee nje kabla ya kuushika waya, ili uingie kwa upande wa ndani na kuufuta msokoto ulioletwa na wa kwanza. Mizunguko iwe mikubwa kama sinia, wala isikazwe. Tahadhari yake ni moja: ncha ya waya isipite katikati ya mizunguko, kwani wakati wa kuvuta utapata mlolongo wa mafundo. Kufungia natumia kipande cha kamba ya mkonge, ambayo mkoani kwetu, mkonge ukiwa umelimwa tangu 1893, haihitaji kutafutwa. Haikwaruzi ganda, na hufunguliwa kwa kuvuta ncha moja.

Pahali pa kuweka ni suala kubwa zaidi hapa pwani kuliko bara. Hewa yetu ina chumvi, na ekstensheni iliyolazwa sakafuni wakati wa masika huota kutu ya kijani kwenye shaba ya soketi na pini, jambo linaloleta cheche na joto. Gurudumu langu linakaa juu ya rafu ya mbao, mbali na jiko na mbali na dirisha la jua, kwa sababu jua hukausha ganda likapasuka. Nyaya fupi zinaning'inia kwenye kigingi kinene cha mbao. Msumari mwembamba usiutumie, maana uzito wote hubebwa na sehemu moja ya waya. Na zikikaa juu, panya hawazifikii kwa urahisi.

Anayeishi chumba kimoja asinunue kitu hiki. Ekstensheni ya mita tano itamtosha na itachukua nafasi ndogo. Mwenye ua, pampu au banda anunue, ila ahakikishe waya ni wa shaba, kwa sababu sokoni kuna nyaya za aluminiamu iliyopakwa shaba juu, ambazo hupata moto zaidi kwa unene uleule. Uzi mmoja ukikwaruzwa kwa wembe, aluminiamu huonekana nyeupe. Mimi sikukwaruza siku ya kununua; nilikuja kuhakikisha siku fundi alipofungua plagi. Nilichofanya dukani ni kuomba waya uvutwe wote, na muuzaji hakusita: aliutandaza barazani, tukaupima pamoja, tukapata mita 24 na sentimita 70, kisha akauzungusha tena kwa mkono wake bila haraka, plagi ikaingia ya mwisho.